Mzigua hakushonewa nguo, alifungiwa

Yako maswali ambayo mtoto humwuliza mzazi wake huku akivua viatu vya shule, na mzazi akabaki na mwiko mkononi asijue la kujibu. Mimi niliulizwa swali la namna hiyo jioni moja ya Jumatano. Binti yangu, aliye darasa la tatu katika shule moja ya hapa Dar es Salaam, alirudi na karatasi ya mwalimu. Ijumaa ya juma lililofuata ingekuwa siku ya utamaduni, na kila mtoto alitakiwa aje amevaa vazi la asili la kabila lake.

"Mama," akauliza, "sisi Wazigua tunavaa nini?"

Baba yake ni mtu wa Handeni. Mimi nimezaliwa Korogwe kwa mama Mzigua. Hapakuwa na njia ya kulikwepa swali lile, wala hapakuwa na jibu. Mtoto wa jirani yetu ni Mmasai, na nyumbani kwao jambo hilo lilikwisha kabla chai haijapoa: shuka nyekundu, shanga za bibi yake, na fimbo. Kwetu palikuwa kimya.

Kesho yake nilimwendea fundi cherehani wa mtaani. Alifikiri kidogo, kisha akanishauri nishone gauni la kitenge chenye madoadoa ya chui. Nilipomwuliza chui na Wazigua wamekutana wapi, alisema kwamba watoto wote wanaoshonewa kwa ajili ya siku hiyo hushonewa chui. Katika duka moja la kukodisha mavazi ya ngoma nikaonyeshwa sketi ya katani iliyotiwa rangi ya manjano. Hapo nilicheka peke yangu. Katani naijua. Mjomba wangu aliikata miaka mingi katika mashamba ya Korogwe, akapata nayo karo za wanawe na maumivu ya mgongo, lakini hakuivaa hata siku moja.

Basi Jumamosi alfajiri nilifunga safari.

Kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, basi hupita Chalinze, likavuka mto Wami, likapita Mkata na Segera, ndipo likateremka Korogwe kando ya mto Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na nyuma yake yakaja mashamba ya mkonge, na nyuma ya mashamba wakaja manamba kutoka Kigoma, Njombe na kwingineko, ambao wengi wao hawakurudi tena kwao. Kwa hiyo anayekwenda Korogwe kutafuta vazi la kabila moja ajue mapema kwamba sokoni Manundu atapishana na kitenge cha Muha, kanga ya Mbondei, kanzu ya Msambaa na suruali ya mitumba inayovaliwa na wote hao.

Mama mkubwa nilimkuta uani akichambua mchele. Ana miaka sabini na kitu, na macho yake bado yanaona tundu la sindano bila miwani. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizwa habari za mume, za mjukuu, za kazi na za bei ya unga huko mjini, nilimweleza kilichonileta.

Aliweka ungo chini.

"Mzigua hakushonewa nguo, mwanangu," akasema. "Alifungiwa."

NGUO ILIYOTOKA NG'AMBO

Katika maneno hayo machache imo historia ndefu, na sina budi kuieleza kidogo.

Wazee wa kale wa nchi hii ya Uzigua na milima ya Usambara walivaa ngozi. Hawakuwa na nguo ya kukatwa mikono na kola. Walipoanza kuvaa kitambaa, kitambaa hicho kilikuja kwa biashara, kikapimwa kwa mkono wa mtu, tangu kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka, yaani yadi mbili. Mikono minane ilikuwa doti. Mpaka leo mama akinunua kanga husema amenunua doti, wala hakumbuki kwamba anataja kipimo cha misafara ya pembe za ndovu.

Katika karne ya 19, kitambaa kilichotangulia kupata sifa kilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem nchini Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, kati ya mwaka 1861 na 1865, vilipoipunguza, viwanda vya Bombay vikashika nafasi. Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, kitambaa cha pamba kilichochovywa katika rangi ya nili hata kikakaribia weusi. Hicho ndicho bibi zetu walichokifunga kifuani wakaenda nacho shamba, kisimani na msibani.

Kanga ilikuja baadaye, mwishoni mwa karne hiyo. Nayo, kama inavyosimuliwa pwani, ilianza kwa sindano: wanawake walinunua leso za rangi zilizotoka ng'ambo, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza kitambaa kilichokwisha chapwa kizima.

Sasa nisiifiche habari ya upande wa pili. Kaniki haikuwa nguo ya fahari. Kule Unguja ilikuwa nguo ya watumwa na ya watu wa kazi ngumu, na baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa, wanawake wengi walioachwa huru waliitupa wakajivalia kanga za maua. Nani angewalaumu? Mama mkubwa mwenyewe huiita nguo ya shamba. Nilipomwuliza kama mtoto anaweza kwenda nayo shuleni mbele za watu, hakujibu upesi.

"Watamcheka," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini ndiyo tuliyovaa."

Jambo hili la nguo ya kigeni kugeuka kuwa ya asili si letu peke yetu. Wanawake wa Kiherero nchini Namibia huvaa kwa fahari kubwa gauni refu, pana, ambalo asili yake ni wake za wamisionari wa Kijerumani. Shuka nyekundu ya Mmasai hutoka kiwandani, na mahali pake zamani palikuwa na ngozi. Hata Ulaya mambo ni hayo hayo. Watu wa Norwe wana vazi la asili liitwalo bunad, la sufu nzito iliyotariziwa, lenye vifungo vya fedha, na kila wilaya ina lake. Hulivaa tarehe 17 Mei, siku ya katiba yao ya mwaka 1814. Familia nyingi hushona kwa miezi ili binti apate lake akiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Mtu angedhani limetoka kwa mababu bila kuguswa. La hasha. Mwandishi mmoja mwanamke, Hulda Garborg, alitoa kijitabu juu ya mavazi hayo mwaka 1903, miaka miwili kabla nchi yake haijajitenga na Sweden, akawahimiza wanawake wa mjini wajishonee. Walikwenda vijijini, wakafungua makasha ya wazee, wakaokota kipande hapa na mshono pale, na palipopungua wakabuni.

Sisi pia tumewahi kulitafuta vazi. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, uliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Tukaambiwa tusivae nini. Swali la tuvae nini lilibaki, hata mwaka 2011 wizara inayohusika na utamaduni ikaunda kamati ya kutafuta vazi la taifa. Sina nia ya kuibeza kamati. Nasema tu kwamba makasha ya bati ya mama zetu yalikuwa bado hayajafunguliwa. Na katika hilo mimi nina hatia yangu, kama itakavyoonekana.

BANDI NA UPINDO

Tulikwenda Manundu mchana. Muuzaji, kijana mwenye heshima zake, aliposikia nataka kaniki aliinamisha sauti akaniuliza kama nimeagizwa na mganga. Maana siku hizi nguo nyeusi, nyekundu na nyeupe hununuliwa zaidi kwa ajili ya kupunga pepo kuliko kuvaa. Mama mkubwa alimjibu kwamba mganga ni yeye, na ugonjwa ni kusahau. Kijana akatupimia mikono minne.

Kaniki mpya ni ngumu kama turubali, tena huchuja rangi. Tuliiloweka katika maji ya chumvi, tukaianika kivulini. Jua la Korogwe likaimaliza kabla ya magharibi. Kisha tukakaa barazani, naye akanipa sindano.

Nilipendekeza tuipeleke kwa fundi wa cherehani aliyeko jirani. Dakika tano ingekuwa tayari. Akaniangalia kama aliyesikia tusi.

Kina mama mtakaopenda kujaribu, kazi yenyewe ni hii. Kingo mbili za urefu huwa zimefumwa, hazihitaji kitu. Kingo mbili zilizokatwa ndizo hunyumbuka. Kunja ukingo kwa upana wa ukucha, ukunje tena mara ya pili ili nyuzi zilizokatika zifichwe ndani, kisha upitishe ukucha wa kidole gumba mpaka mkunjo ulale. Piga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu mirefu ya kushikiza tu, ambayo baadaye itafumuliwa. Baada ya hapo chukua uzi mweusi, usifunge fundo. Acha mkia wa uzi ujifiche chini ya mkunjo na mishono ya kwanza iukanyage. Sindano ishike nyuzi mbili au tatu tu za kitambaa upande wa mbele, ipande juu ya upindo, irudi. Ukigeuza nguo, upande wa mbele uone vidoto tu.

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari na naweza kukunga sentensi. Upindo wangu wa kwanza ulikwenda kama njia ya panya. Mama mkubwa aliupitisha kidoleni, akachukua wembe, akaufumua wote bila neno. Wa pili akafumua nusu. Wa tatu akauacha.

Ilikuwa katikati ya upindo huo wa tatu, giza likiingia na taa imekwisha washwa, aliponiuliza:

"Ule ubeleko wa mama yako uko wapi?"

Nilijifanya sikusikia.

Msomaji wa bara pengine hajui. Kwetu Tanga, kama pwani yote, mtu anayeoa hutoa zawadi za nguo kwa wazazi wa binti. Kuna kilemba cha baba. Kuna mkaja wa mama, yaani ile nguo aliyojifunga tumboni baada ya kuzaa. Na kuna ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Leo vyote hivyo huandikwa katika karatasi kwa shilingi: mkaja kiasi fulani, ubeleko kiasi fulani. Nguo yenyewe haionekani. Lakini zamani ilionekana, na ya mama yangu ilikuwa kaniki.

Mama alifariki mwaka 2016. Mimi ndiye niliyechukua sanduku lake la bati kulileta Dar es Salaam. Ndani mlikuwa na kanga zake, ambazo tuligawana, na chini kabisa mlikuwa na kitambaa kimoja cheusi kilichopauka, chenye matundu mawili. Sikukitambua. Nilikikata vipande vinne nikavifanya matambara ya kupigia deki.

Nilimweleza mama mkubwa. Hakunigombeza, ningefurahi kama angenigombeza. Aliendelea kushona kwa muda, kisha akanisimulia.

Kaniki ile ilinunuliwa mwaka 1983. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka miaka hiyo: vita vya Kagera vimekwisha, hazina imekauka, na madukani hakuna sabuni wala nguo. Bibi yangu aliposikia kwamba duka la ushirika Handeni limepata kaniki, alitoka kijijini usiku akapanga foleni mpaka saa nane mchana. Akapata shuka moja. Mama alikuwa na mimba ya kwanza. Bibi akaikunga kingo kwa mkono wake, maana uzi nao ulikuwa adimu. Aliuchomoa katika gunia la unga. Watoto watano walibebwa katika nguo ile, na wa mwisho, mwaka 1990, nilikuwa mimi.

HANDENI

Jumapili tulikwenda pamoja Handeni kumsalimu mjomba aliyekuwa mgonjwa. Kutoka Korogwe ni kilomita 65, barabara ya lami sasa, na safari ambayo bibi aliijua kwa siku mbili huisha kabla hujamaliza kuchambua karanga za dirishani. Nilichukua kaniki nikawa nashona upindo wa pili njiani. Abiria mmoja aliniuliza kama nafanya maonyesho.

Mjomba alikuwa amelala lakini ulimi haukulala. Alipoona kitambaa mikononi mwangu na kusikia habari ya siku ya utamaduni, hakuzungumza habari za nguo hata kidogo. Alizungumza habari za Chogo.

Chogo ni makazi yaliyo katika wilaya hiyo ya Handeni. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walikwenda pwani kutafuta chakula, wakaishia katika majahazi, wakauzwa utumwani Barawa na bandari nyingine za Somalia. Wengi walitoroka, wakakimbilia misitu ya mto Juba. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanankhucha, ambaye alitaka kuwarudisha kwao lakini nchi ilikuwa mbali mno. Wakakaa huko zaidi ya miaka mia na hamsini. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wakakimbia, wengine kwa majahazi, na baadhi yao wakaletwa kambi ya Mkuyu, Handeni. Wengine waliokimbilia Kenya walipelekwa Marekani kuanzia mwaka 2003, pamoja na jamaa zao wengine wa mto Juba, zaidi ya watu 10,000. Wale wa Mkuyu walipewa ardhi Chogo mwaka huo huo wa 2003, na wengi wao wakapata uraia wa Tanzania.

"Walipofungua vinywa," mjomba akasema, "tulisikia Kizigua."

Ndivyo ilivyokuwa. Kizigua cha kale, chenye maneno ambayo vijana wa Handeni hawayatumii tena. Mavazi hawakurudi nayo. Wanawake wa kusini ya Somalia hujifunga guntiino, nguo ndefu inayofungwa juu ya bega moja, na watu hukaa na nguo za mahali walipo. Methali yetu husema mwacha asili ni mtumwa. Hawa walifanywa watumwa kweli, na asili hawakuiacha.

Nilitaka kumwuliza mjomba kama basi kaniki yangu ni kazi bure. Kabla sijauliza aliomba kuishika. Alitafuta upindo kwa vidole, kwa maana macho yake yamefifia, akaufuata mwanzo hadi mwisho.

"Huu wa kwako?"

"Wa kwangu, mjomba. Na pale mwanzo mama mkubwa alinisaidia."

"Naona pale alipoachia," akasema.

IJUMAA

Siku ya utamaduni binti yangu alikwenda shuleni amefungwa kaniki juu ya kifua, chini ya makwapa, kama alivyotuonyesha mke wa mjomba, na kanga moja mabegani. Hakuwa na chui. Watoto wenye chui walikuwa kumi na mmoja, alinihesabia mwenyewe. Mwalimu mmoja alimwuliza kwa upole kama nyumbani kuna msiba. Alimjibu kwamba hapana, ila Mzigua hafungwi maua shambani. Neno hilo sikumfundisha mimi. Alikuwa amezungumza na mama mkubwa kwa simu usiku uliotangulia, mlango umefungwa.

Jioni rangi ya nili ilikuwa imemshika mabegani na shingoni, na haikutoka kwa sabuni siku tatu.

Nami Jumamosi nilipiga magoti jikoni, nikatoa vitu vyote chini ya sinki. Matambara matatu yalikwisha kwenda na taka miaka mingi. La nne lilikuwapo, gumu, limekaukiana nyuma ya ndoo. Nililifua mara nne. Lilikuwa na urefu wa shubiri mbili, na upande mmoja ulikuwa na upindo. Nililipeleka dirishani. Uzi haukuwa mweusi. Ulikuwa wa rangi ya gunia, na mishono yake midogo kiasi cha kunifanya nihesabu: ishirini na sita katika shubiri moja.

Nilikifumua kipande upande ule uliochanika, nikakiweka juu ya kaniki mpya, nikakipiga bandi. Kisha nikampigia simu Korogwe.

"Umekiweka upande gani?" mama mkubwa akauliza.

"Chini, mama mkubwa. Pembeni, kisionekane sana."

"Fumua," akasema. "Kiweke juu, pale mtoto anapolaza shavu."